Mwongozo Kamili wa Kuchagua Mtambo wa Kutafuta kwa Kivinjari cha Faragha

Watu wengi wakishasakinisha Firefox, Brave, LibreWolf au Tor Browser huona kazi imekwisha. Kivinjari kinazuia matangazo yanayomfuata mtu kutoka tovuti hii hadi ile, kinafuta vidakuzi (vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye kifaa chako ili zikutambue), kinapunguza alama zinazokitambulisha kifaa. Yote hayo yana maana kubwa. Lakini yupo mmoja ambaye kivinjari hakiwezi kumzuia, kwa sababu wewe mwenyewe ndiye unayempelekea habari: mwenye mtambo wa kutafuta, kama Google au Bing. Kila unachoandika kwenye upau wa anwani, kama si anwani, kinakwenda kwake neno kwa neno. Ugonjwa unaoushuku, deni linalokunyima usingizi, jina la mchumba unayetaka kumjua zaidi, mwajiri unayefikiria kumshtaki.

Maneno hayo hubaki na uzito hata jina lako likiondolewa. Mwaka 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani kumbukumbu za utafutaji za watumiaji wake wapatao 650,000, takriban maulizo milioni 20. Majina yaliondolewa, kila mtu akapewa namba. Waandishi wa The New York Times walichukua namba moja, 4417749, wakasoma alichokuwa akitafuta, na baada ya siku chache wakampata mwenyewe. Alikuwa ameulizia huduma za mji anakoishi, watu wa ukoo wake na maradhi yake. Hayo yalitosha kabisa.

Ndiyo maana nasema uamuzi wa mtambo upi uwe chaguo-msingi la kivinjari, yaani unaotumika usipotaja mwingine, ni mkubwa kuliko mipangilio mingine yote ya faragha ukiijumlisha, na unastahili zaidi ya kukubali ulichokikuta.

Ulichokikuta kililipiwa

Kivinjari kinapokuja na mtambo fulani, mara nyingi kuna mkataba nyuma yake. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, iliyoamuliwa na Jaji Amit Mehta Agosti 2024, ilibainika kwamba mwaka 2021 pekee Google ilitumia dola bilioni 26.3 ili iwe chaguo la kwanza kwenye vivinjari na simu. Apple peke yake ilipokea kama dola bilioni 20 mwaka 2022 kwa ajili ya Safari. Septemba 2025 jaji huyo alipiga marufuku mikataba ya kuwafungia wengine nje, ila aliacha malipo yaendelee.

Firefox nayo imo. Afisa mkuu wa fedha wa Mozilla aliiambia mahakama hiyo mwaka 2025 kwamba karibu asilimia 90 ya mapato ya Mozilla yanatokana na Firefox, na kama asilimia 85 ya hayo ni ya mkataba wa Google. Mwaka 2014 mkataba ulihamia Yahoo, na kwa watumiaji wa Marekani Firefox ikahama nao. Mwaka 2017 ukarudi Google. Simlaumu Mozilla, maana bila fedha hizo pengine Firefox ingekuwa imekufa, na kivinjari huria chenye injini yake yenyewe ni kitu cha kulindwa. Ila jambo hilo likufungue macho: aliyeweka chaguo-msingi alikuwa akihesabu mambo mengine, faragha yako haikuwa ya kwanza kwenye orodha. Brave nao wana mtambo wao, na tangu Oktoba 2021 walianza kuuweka badala ya Google kwa watumiaji wapya wa Marekani, Kanada na Uingereza. Kwa faragha ni hatua nzuri, na kwa biashara yao pia.

Kabla ya kuchagua, zima mapendekezo

Hatua hii ifanye leo hata kama huna muda wa kusoma mengine.

Ukianza kuandika kwenye upau wa anwani, orodha ya mapendekezo hushuka chini yake. Ili orodha hiyo ije, karibu kila herufi unayogusa hutumwa kwenye seva ya mtambo wako. Tuseme unaandika "dalili za kisonono". Ukifika "dali", seva imeshapokea. Ukifika "dalili za ki", imeshapokea tena. Ukaona aibu, ukafuta yote bila kubonyeza Enter, wewe unadhani hujauliza kitu, kumbe herufi zako zimeshafika. Vivyo hivyo ukibandika kwa bahati mbaya nenosiri au namba ya kitambulisho pale juu.

Kwenye Firefox ya kompyuta, andika about:preferences#search kwenye upau wa anwani, bonyeza Enter, kisha ondoa tiki kwenye "Show search suggestions". Kwenye Brave andika brave://settings/search na uhakikishe swichi ya mapendekezo imezimwa. LibreWolf huja ikiwa imeshayazima. Kwenye Firefox ya Android, gusa nukta tatu, Settings, Search, halafu zima swichi ya mapendekezo ya utafutaji. Kwenye iPhone, ingia Settings, tafuta Safari (kuanzia iOS 18 imo ndani ya Apps), zima "Search Engine Suggestions".

Utakosa urahisi kidogo kwa siku za mwanzo. Historia na alamisho zako zitaendelea kujitokeza unapoandika, kwa sababu hizo zinatoka ndani ya kifaa chenyewe.

Maswali matatu ya kumuuliza kila mgombea

La kwanza: nani anapokea maneno yangu, na anayaweka pamoja na nini? Ulizo likihifadhiwa pamoja na anwani yako ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti), kidakuzi cha kudumu au akaunti uliyoingia, tayari una faili lenye jina lako. Soma sera yao ya faragha, na uitafute sehemu moja tu: inayosema wanahifadhi nini unapotafuta, na kwa muda gani. Sera inayozunguka swali hilo kwa aya kumi bila kulijibu imeshakujibu.

La pili: matokeo yanatoka wapi? Kutambaa kwenye mabilioni ya kurasa, yaani kuzipitia moja baada ya nyingine, na kuziwekea faharasa (orodha inayoonyesha kipi kiko wapi) ni gharama kubwa mno, kwa hiyo mitambo mingi yenye majina tofauti hununua matokeo kwa Google au kwa Bing ya Microsoft. Tarehe 23 Mei 2024 Bing ilipata hitilafu, na DuckDuckGo pamoja na Ecosia zikaanguka nayo siku hiyohiyo. Kisha Agosti 2025 Microsoft ikafunga huduma yake ya kuuza matokeo ya Bing kwa wateja wa kawaida, wakabaki wale wakubwa wenye mikataba maalumu. Ukijua matokeo yanatoka wapi, unajua pia yatakuwa na upungufu gani, hasa kwa Kiswahili.

La tatu: nani anagharimia? Tangazo linaweza kuchaguliwa kwa ulizo lenyewe, yaani umeandika "baiskeli" ukaonyeshwa baiskeli, bila kukufahamu wewe ni nani. Linaweza pia kuchaguliwa kwa historia yako ya miaka. Namna ya kwanza naikubali. Ya pili ndiyo tunayoikimbia.

Wengi huongeza swali la nne, kampuni iko nchi gani. Lina maana, lakini naona hupewa uzito kupita kiasi. Kampuni isiyohifadhi chochote haina cha kumkabidhi hakimu wa nchi yoyote, na kampuni inayohifadhi kila kitu haifai hata kama ofisi zake ziko Uswisi.

Wagombea wenyewe

DuckDuckGo ndiyo inayojulikana zaidi. Ilianzishwa mwaka 2008 na Gabriel Weinberg huko Pennsylvania. Inasema haihifadhi anwani ya IP pamoja na maulizo wala haijengi historia ya mtumiaji. Viungo vyake vya kawaida vinatoka hasa Bing, na matangazo yake yanaletwa na Microsoft kwa kufuata ulizo. Hapo kuna jambo la kuzingatia: ukibofya tangazo, Microsoft hupata anwani yako ya IP kwa ajili ya hesabu za malipo. Mwaka 2022 iligundulika pia kwamba kivinjari cha simu cha DuckDuckGo kiliwaachia baadhi ya wafuatiliaji wa Microsoft wapite kwenye tovuti nyingine kwa sababu ya mkataba. Baada ya kelele, Agosti mwaka huo kampuni ikatangaza kuwazuia. Kisa hicho kilihusu kivinjari chao, ukurasa wa kutafuta haukuhusika, lakini kinaonyesha mikataba inavyoweza kuvuta shuka upande mmoja. Pamoja na hayo, kwa mtu anayeanza, naiweka juu. Ni nyepesi, inafanya kazi bila akaunti, na ndiyo chaguo-msingi la Tor Browser, Mullvad Browser na LibreWolf.

Ina pia toleo ambalo watu wenye bando dogo wanapaswa kulijua: lite.duckduckgo.com/lite. Ukurasa wake ni maandishi matupu, hauhitaji JavaScript, unafunguka hata mtandao ukiwa wa kukatikakatika.

Startpage ni ya Uholanzi. Inapokea ulizo lako, inalipeleka Google kwa jina lake yenyewe, inakurudishia matokeo, Google isijue aliyeuliza. Kwa Kiswahili hii ni faida kubwa, na nitaieleza mbele kidogo. Kila tokeo lina kiungo cha "Anonymous View" kinachokufungulia ukurasa kupitia seva za Startpage, ili hata tovuti unayoitembelea isione IP yako. Mwaka 2019 ilipokea uwekezaji kutoka kampuni tanzu ya System1, ambayo biashara yake ni matangazo, na watu wa faragha wengi walishtuka. Waanzilishi walieleza kwamba udhibiti wa masuala ya faragha umebaki kwao. Mimi bado naitumia, nikijua habari hiyo.

Brave Search ilianza majaribio ya hadharani Juni 2021, ikijengwa juu ya kazi ya timu ya Cliqz ya Ujerumani. Uzito wake uko hapa: ina faharasa yake yenyewe, na mwaka 2023 ilitangaza kuacha kabisa kuitegemea Bing. Katika dunia ambayo wachache tu wanamiliki ramani ya intaneti, kuwa na mwingine anayeichora upya ni jambo la kuungwa mkono. Huhitaji kivinjari cha Brave ili kuitumia. Inafunguka popote kwa search.brave.com. Majibu ya akili bandia yanayojitokeza juu ya matokeo yanaweza kuzimwa kwenye mipangilio yake.

Mojeek ya Uingereza nayo ina faharasa yake, kazi iliyoanzishwa na Marc Smith mwaka 2004. Faragha yake ni safi. Faharasa yake ni ndogo ukilinganisha na wakubwa, kwa hiyo iweke kama mkono wa pili wa kuibua kurasa ambazo wengine wanazizika.

Qwant ya Ufaransa na Ecosia ya Berlin zinatajwa sana Ulaya, na Novemba 2024 zilitangaza kushirikiana kujenga faharasa ya Ulaya. Kwa msomaji aliyeko Paris au Hamburg ni za kujaribiwa. Kwa aliyeko Mwanza au Kisumu, angalia kwanza kama Qwant inafunguka, maana imekuwa ikihudumia nchi ilizozichagua tu. Ecosia sifa yake kubwa ni kupanda miti. Nia ni njema, lakini ukitafuta faragha ndiyo kwanza, wengine niliowataja wamekazia zaidi.

Kagi inalipiwa: dola 5 kwa mwezi kwa maulizo 300, dola 10 bila kikomo. Haina matangazo, na unaweza kuiamuru isikuonyeshe tena tovuti fulani maishani. Tatizo la kimantiki ni kwamba ili ulipe lazima uwe na akaunti, na akaunti ni jina. Februari 2025 waliongeza Privacy Pass, tokeni zinazothibitisha kwamba umelipa bila kusema wewe ni nani kati ya waliolipa. Kwa mtafiti, mwanahabari au mwanasheria anayetafuta siku nzima, fedha hizo zinarudi. Kwa mwanafunzi, sidhani.

SearXNG ni programu huria unayoweza kuiweka kwenye seva yako. Inauliza mitambo mingi kwa mpigo na kukuletea mchanganyiko. Orodha ya seva za umma iko searx.space. Tahadhari mbili, na zote ni za msingi. Seva ya umma inaendeshwa na mtu usiyemjua, na mtu huyo ana uwezo wa kuona IP yako na maneno yako. Umehamisha imani kutoka kampuni kwenda kwa mgeni. Na ukisimamisha seva yako mwenyewe, ukaitumia peke yako, Google inaona maulizo yote yakitoka anwani moja isiyobadilika, ambayo ni wewe. Ufumbuzi ni kuishirikisha: familia, ofisi, darasa, chama cha wanafunzi. Maulizo ya watu ishirini yakichanganyika kwenye anwani moja, kumchambua mmoja wao kunakuwa kugumu. Tegemea pia kwamba mara kwa mara Google itaifungia mlango.

Jaribio la Kiswahili

Miongozo mingi ya jambo hili imeandikwa na watu wanaotafuta kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza mitambo yote niliyoitaja ni mizuri vya kutosha. Kwetu tofauti ni kubwa. Kurasa za Kiswahili ni chache, nyingi ziko kwenye blogu ndogo na tovuti za serikali ambazo mitambo midogo haizitembelei mara kwa mara. Google imetambaa humo kwa miaka mingi. Kwa hiyo usichague kwa sifa za kusikia. Jaribu.

Chukua maulizo kumi uliyoyatafuta kweli mwezi huu. Historia ya kivinjari itakukumbusha. Yawe ya aina mbalimbali: la afya, la sheria, la habari za jana, la jina la mtu, la bei ya kitu sokoni, la ofisi ya serikali. Yaingize kwenye mitambo mitatu unayoifikiria, na kwa kila moja jiulize kama jibu lilikuwa kwenye viungo vitano vya mwanzo.

Kipimo ninachokipenda ni hiki. Tafuta "NECTA matokeo kidato cha nne", kama uko Tanzania. Angalia kama kiungo cha kwanza ni necta.go.tz au ni blogu iliyonakili matokeo ikayazungushia matangazo. Kwa Kenya, tafuta namna ya kuingia iTax uone kama itax.kra.go.ke imekaa juu. Mtambo unaokuletea waigaji kabla ya ofisi yenyewe unakuweka kwenye hatari ya kutapeliwa, na utapeli unaumiza haraka kuliko ufuatiliaji wa matangazo. Kama unaupenda kwa mambo mengine, kubali udhaifu huo na anwani za ofisi muhimu ziweke kwenye alamisho.

Halafu tafuta neno moja fupi kama "dawa". Mtambo usiojua uko wapi unaweza kukujazia kurasa za daawa ya Kiislamu. Ukiongeza neno la pili au la tatu, "dawa ya minyoo kwa watoto", mara nyingi mambo hukaa sawa. Hii ndiyo gharama halisi ya faragha: mtambo usiokufahamu unahitaji uandike sentensi nzima. Zoea kuandika maneno manne au matano, na utashangaa jinsi pengo linavyopungua.

Mapendekezo yangu baada ya hayo yote ni kama ifuatavyo. Chaguo-msingi liwe DuckDuckGo, au Brave Search ukiwa ndani ya Brave. Startpage iwe ya pili, yenye njia ya mkato, kwa ajili ya maulizo ya Kiswahili yaliyokosa jibu. Kwa njia hiyo unapata faharasa ya Google bila kujitambulisha kwa Google. Ukilazimika kwenda Google yenyewe, nenda kwenye dirisha la faragha, bila kuingia kwenye akaunti.

Kuweka chaguo lako

Firefox ya kompyuta: about:preferences#search tena, na juu kabisa utaona "Default Search Engine". Chagua kwenye orodha. Kama mtambo wako haumo, shuka hadi "Search Shortcuts". Matoleo ya kuanzia la 140, la Juni 2025, yana kitufe cha "Add". Utaulizwa jina, anwani na neno la mkato. Kwenye anwani weka %s mahali ambapo maneno yako yatakaa. LibreWolf na Mullvad Browser hufuata njia hiyohiyo.

Brave: brave://settings/search. Angalia vizuri, kuna sehemu mbili, dirisha la kawaida na dirisha la faragha, na kila moja ina chaguo lake. Wengi hubadilisha ya kwanza na kuisahau ya pili, ambayo ndiyo wanayoitumia kwa mambo ya siri.

Safari ya iPhone: tangu iOS 17 nayo inakuruhusu kuweka mtambo tofauti kwa Private Browsing. Orodha ya Apple ni fupi, lakini DuckDuckGo imo.

Firefox ya Android: nukta tatu, Settings, Search, kisha gusa mtambo wa chaguo-msingi uchague. Hapohapo unaweza kuongeza wako kwa kutumia %s.

Tor Browser: iache ilivyo. Unaweza kuchagua DuckDuckGo ya anwani ya onion kwenye orodha, ili ulizo lisitoke nje ya mtandao wa Tor, ambao hupitisha mawasiliano kwenye kompyuta kadhaa ili kuficha yalikotoka. Usiongeze vitu vingine, kwa sababu ulinzi wa Tor unategemea watumiaji wote wafanane.

Njia za mkato na anwani zenye mipangilio

Njia ya mkato ni herufi moja au mbili unazoandika kabla ya ulizo. Hii ndiyo sehemu inayobadilisha kabisa namna ya kutafuta, kwa sababu maulizo mengi hayahitaji mtambo wa kutafuta hata kidogo. Wikipedia ya Kiswahili iweke hivi, na neno la mkato liwe wk:

https://sw.wikipedia.org/w/index.php?search=%s

Baada ya hapo ukiandika "wk Kinjeketile" kwenye upau wa anwani unakwenda moja kwa moja, bila mtu wa kati kujua. Fanya vivyo kwa kamusi, duka na gazeti unalolitembelea kila siku.

Ndani ya DuckDuckGo kuna mkato wa alama ya mshangao: !w hukupeleka Wikipedia ya Kiingereza, !g hukupeleka Google. Uelewe kwamba !g inakufikisha Google yenyewe, ukiwa na IP yako na vidakuzi vyako. Watu huiandika wakidhani DuckDuckGo inawafunika. Haiwafuniki.

Sasa tatizo la vivinjari vinavyofuta vidakuzi kila vikifungwa, kama LibreWolf: mipangilio uliyoiweka kwenye mtambo, mathalani kuzima matangazo au kuchagua rangi nyeusi, inafutika pia. Dawa yake ni kuipachika ndani ya anwani. Kwa DuckDuckGo:

https://duckduckgo.com/?q=%s&kl=wt-wt&kac=-1&kg=p

Hapo kl=wt-wt inasema usinifungie kwenye nchi yoyote; kac=-1 inazima mapendekezo ndani ya ukurasa wao; kg=p inaambia ukurasa utume maulizo yako yanayofuata kwa njia ya POST, ili maneno yasionekane kwenye upau wa anwani wala kwenye historia. Hilo la mwisho lina faida kwa anayetumia kompyuta ya ofisi au ya nyumbani yenye watu wengi. Startpage na SearXNG nazo zina sehemu kwenye mipangilio inayokupa anwani iliyobeba chaguo zako, inakili, ibandike. Ila usipitilize. Mchanganyiko wa mipangilio kumi usiofanana na wa mtu mwingine yeyote unaweza kukutambulisha kama sura.

Upau wa Google kwenye uso wa simu

Hapa ndipo juhudi nyingi zinapoharibika. Simu nyingi za Android huja na upau wa kutafutia wa Google kwenye skrini ya kwanza. Upau huo hausikilizi kivinjari chako. Unaweza kuweka DuckDuckGo ndani ya Firefox, lakini kidole kikizoea kugusa pale nje, kila ulizo linakwenda Google likiwa na akaunti yako.

Kandamiza upau huo kwa sekunde chache kisha uuondoe. Kwenye simu ambazo hauondoki, sakinisha programu nyingine ya skrini ya nyumbani. Weka wijeti ya Firefox au ya DuckDuckGo mahali palepale, ili kidole kisilazimike kujifunza upya. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, ufanye kivinjari chako kuwa cha chaguo-msingi. La sivyo kila kiungo cha WhatsApp kitaendelea kufunguka Chrome. Ukimwekea mzazi au shangazi, mwonyeshe mahali papya, akae atafute jambo lake mwenyewe mbele yako mara mbili tatu.

Kwa yaliyokwishakusanywa, fungua myactivity.google.com ukiwa kwenye akaunti yako. Futa historia ya utafutaji, kisha zima "Web & App Activity". Kwenye akaunti zilizofunguliwa kuanzia Juni 2020, historia hiyo hujifuta baada ya miezi 18. Za zamani zinaweza kuwa na kila kitu tangu siku ya kwanza.

Mipaka ya haya yote

Kampuni ya simu inayokuuzia bando haioni ulichokitafuta, kwa sababu HTTPS (usimbaji wa mawasiliano kati yako na tovuti) inafunika maneno, lakini inaweza kuona jina la tovuti uliyoifungua baadaye. Tovuti hiyo nayo inakuona ikishafunguka. Kama hatari yako ni kubwa, wewe ni mwanahabari au mwanaharakati anayefuatiliwa, tumia Tor Browser. Kubadilisha mtambo pekee hakutoshi. Na ukimuuliza roboti wa akili bandia kile ulichokuwa ukiuliza mtambo, umeanza ukurasa mpya wa kumbukumbu kwa kampuni nyingine, mara nyingi yenye maelezo marefu zaidi ya maisha yako.

Ukimaliza kuweka kila kitu, kagua. Andika neno lolote la ajabu kwenye upau wa anwani, bonyeza Enter, soma jina la tovuti iliyofunguka. Rudia kwenye kisanduku cha kichupo kipya. Rudia kwenye dirisha la faragha. Teua neno ndani ya ukurasa, bofya kitufe cha kulia, tazama menyu inasema itatafuta wapi. Ukaguzi huu urudie kila unaposakinisha programu ya bure kwenye Windows au kiongezi (extension) kipya kwenye kivinjari, kwa sababu baadhi hubadilisha mtambo kimyakimya. Ukikuta jina usilolijua, usiishie kulirudisha lile la zamani: fungua orodha ya viongezi, tafuta kilichoingia karibuni, kiondoe kwanza, halafu ndipo urudishe chaguo lako.